Urasimi mpya na ulimbwende: yale tunayokariri na yale kazi zenyewe zinaonyesha

Kuna jedwali moja linazunguka kwenye noti za fasihi na sanaa miaka nenda miaka rudi, linalinganisha mitindo miwili ya sanaa na fasihi ya Ulaya ya karne ya 18 na 19: upande huu urasimi mpya (unaoiga Wagiriki na Warumi wa kale) ni akili, sheria na ubaridi, upande ule ulimbwende (wengine wanauita uromantiki) ni hisia, uhuru na mapenzi. Wanafunzi wanalikariri, wanapata maksi zao, na kazi zenyewe hawajaziangalia hata siku moja, hiyo ndiyo inaniuma, manake ukiziangalia tu jedwali linavunjika.

Chukua hii ya warasimi kukosa hisia. Jacques-Louis David, mchoraji Mfaransa wa urasimi mpya, alichora Kiapo cha Wahoratii, ndugu wa Roma ya kale, akiwa Roma, 1784. Kushoto ndugu watatu wamenyoosha mikono kuelekea panga alizoshika baba yao, wanaapa kuipigania Roma, miili imekakamaa, mistari imenyooka, sawa, hapo sheria unaziona. Sasa angalia kulia. Wanawake wamelegea kwa huzuni na wana sababu, mmoja ameolewa na Mhorati lakini kwao ni kwa maadui, mwingine ni dada wa hawa wanaoapa na mchumba wake yuko upande wa pili, yaani vita iende itakavyoenda lazima wafiwe. Huo ndio ubaridi? Halafu 1793 Marat, mwanamapinduzi wa Ufaransa, anachomwa kisu ndani ya bafu, na David ambaye alikuwa rafiki yake na mbunge mwenzake anamchora, mkono mmoja umening'inia, mwingine bado umeshika barua. Hisia zipo tena nzito, ila zimebanwa ndani ya umbo lililotulia ili zitumikie jambo la umma: nchi, wajibu, mapinduzi.

Na hapohapo futa ile nyingine, eti urasimi mpya ni sanaa ya kupamba wafalme tu. David huyohuyo alipiga kura mfalme wa Ufaransa, Louis wa 16, auawe. Na Phillis Wheatley, aliyetekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto akauzwa Boston 1761, alichapisha mashairi London 1773 kwa mtindo uleule wa Alexander Pope, mshairi mrasimi wa Uingereza, mistari miwilimiwili yenye kina kimoja, na ndani ya umbo hilo akaeleza jinsi alivyonyakuliwa kutoka kwa baba yake. Sheria za utunzi hazikumziba mdomo.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba ulimbwende ni mapenzi na maua. Hapana jamani. Julai 1816 meli ya Kifaransa Medusa ilikwama kwenye mchanga pwani ya Mauritania ikielekea Senegal, nahodha alipewa kazi kwa kujuana na wakubwa, hakuwa na uwezo, boti hazikutosha, kwa hiyo watu 147 hivi wakarundikwa kwenye chelezo kilichovutwa na boti, na kamba ikaachiwa. Siku 13 baadaye walipatikana 15 tu wakiwa hai, na walikuwa wamefika mahali pa kula maiti. Théodore Géricault, mchoraji Mfaransa wa ulimbwende, alikutana na manusura, akatengenezewa mfano wa hicho chelezo, akaenda hospitali kutazama wanaokufa, ndipo akachora turubai ya karibu mita 5 kwa 7 iliyoonyeshwa Paris 1819, na aliyemweka juu kabisa, anayepunga kitambaa kuiita meli, ni mtu mweusi. Mapenzi yako wapi hapo? Turner naye, mchoraji Mwingereza, 1840 alichora meli ya watumwa, bahari nyekundu, mguu wenye mnyororo unazama.

Ila tazama tena miili ya kwenye chelezo cha Géricault. Watu wamekaa na njaa siku zote hizo na bado wana misuli kama sanamu za Roma! Alifunzwa kirasimi na hakuficha. Mimi naona tofauti ya kweli iko hapa: nani ana mamlaka ya kusema kazi ni nzuri. Mrasimi anakwambia ni Wagiriki na Warumi na kanuni zilizotoka kwao, mlimbwende anakwambia ni kile alichokiona na kukipitia mtu mwenyewe, hata kama ni kibaya hakitazamiki.

Kwamba washairi walimbwende walitupa vina na mizani, wala sitakaa sana hapo. Wordsworth, mshairi mlimbwende wa Uingereza, aliandika soneti (mashairi ya mistari 14) zaidi ya 500. Yeye ndiye anayenukuliwa kila siku eti ushairi ni hisia kali zinazofurika, palepale alisema anayeziandika awe amefikiri sana na kwa muda mrefu, hiyo nusu ya pili inaachwa. Byron, mlimbwende mwingine wa Uingereza, alimtetea Pope hadharani.

Na kwamba kipindi kimoja kilikufa ndio kingine kikazaliwa, angalia miaka: riwaya ya Mjerumani Goethe kuhusu kijana Werther, iliyojaa hisia za kilimbwende, ilitoka 1774, miaka kumi kabla ya kile kiapo cha David, na Goethe huyohuyo baadaye akarudi kwenye kisa cha Kigiriki cha kale kwa tamthilia yake, Iphigenia. Géricault alikufa Januari 1824, David mrasimi akamfuata Desemba 1825. Wachoraji wengine wawili wa Ufaransa: Ingres wa urasimi alimzidi umri Delacroix wa ulimbwende na bado akafa miaka mitatu na ushei baada yake, 1867.

Hata Ugiriki walimbwende hawakuiacha. Byron alifia Missolonghi, mji wa Ugiriki, 1824 kwa homa, alikwenda kuwasaidia Wagiriki kwenye vita vya uhuru dhidi ya Waosmani, na mwaka huohuo Delacroix akaonyesha Paris mchoro wa mauaji ya kisiwa cha Chios, Wagiriki wa zama zake mwenyewe, wamechoka, wamejeruhiwa, wanasubiri kifo au utumwa. Kwenye maonyesho hayohayo Ingres alileta mchoro wake Nadhiri ya Louis wa 13, tulivu, umepangika, na wahakiki wakaanza kuwapanga hao wawili kama mahasimu, huyu wa mstari yule wa rangi. Jedwali tunalokariri lina mizizi kwenye ugomvi huo wa wahakiki wa Paris.