Tulikuwa tisa, sasa tuko sitini

Nilipoajiriwa kuandika programu kwenye kampuni yetu, tulikuwa watu tisa. Seva ikizima usiku, kila mtu alijua nani wa kupigiwa simu, kwa sababu aliyeitengeneza sehemu ile alikuwa anakaa meza ya pili. Leo tuko sitini, na swali ninaloulizwa kuliko yote si la kiufundi hata kidogo: "Hii ni kazi ya nani?"

Walio nje hudhani kampuni ikikua mzigo unapungua. Hesabu inakataa. Watu tisa hufanya jozi 36 za watu wanaoweza kuhitaji kuelewana. Watu sitini hufanya jozi 1,770. Sisi tumeongezeka karibu mara saba, mazungumzo karibu mara hamsini. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendesha kompyuta za kampuni ya IBM, alilisema hilo mwaka 1975: mradi wa programu uliochelewa ukiongezewa watu, huzidi kuchelewa. Nililisoma zamani. Nikaja kulielewa mwezi tulipopokea wafanyakazi wapya sita kwa mpigo, nikamaliza wiki tatu bila kuandika msimbo wowote wa maana. Nilikuwa mwalimu, tena asiye na subira.

Kisha tukagawanywa: timu ya malipo, timu ya akaunti za wateja. Mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba mfumo hufuata umbo la mawasiliano ya waliouunda, na kwetu haikuchukua hata nusu mwaka. Programu iliyokuwa moja ikawa mbili, katikati pakawa na ufa. Mteja akibadilisha barua pepe, upande wa akaunti ulijua, upande wa malipo haukujua. Risiti zikaendelea kwenda kwenye anwani aliyokwisha kuiacha. Tulipotafuta kosa ni la nani, hatukumpata. Kila timu ilikuwa imefanya kazi yake vizuri mpaka mwisho wa eneo lake, na hitilafu ilikaa pale pasipo na mwenyewe.

Tangu siku hizo naandika. Kila uamuzi mkubwa una ukurasa wake: tumeamua nini, kwa nini, na tumekataa nini. Hilo la mwisho ndilo linalosomwa sana, maana kila mgeni huja na wazo zuri ambalo lilishatuunguza.

Kuhusu hisa, kwa kuwa lazima mtaniuliza: mpango uliozoeleka wa kumpa mfanyakazi hisa za kampuni kidogo kidogo ni wa miaka minne, na ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha huna kitu. Ukitajiwa idadi ya hisa zako, uliza hisa zote za kampuni ni ngapi. Elfu kumi ndani ya milioni moja si sawa na elfu kumi ndani ya milioni mia.

Wiki iliyopita mfumo wa malipo ulikwama usiku wa manane. Kijana aliyekuwa zamu, ambaye hana hata miezi mitatu kazini, alifungua ukurasa niliouandika kuhusu mfumo huo, akafuata hatua zilizomo, akaurudisha hewani. Simu yangu haikuita. Niligundua asubuhi, na nakiri niliumia kidogo.