Msiisingizie tangawizi: dhana potofu kuhusu chai ya maziwa ya viungo

Mteja anachagua tangawizi nzuri, ngumu, yenye harufu, halafu anairudisha kwenye fungu: "Hapana, itanikatia maziwa." Utaisikia kauli hiyo huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania: utaisikia Mwanjelwa, utaisikia Uyole, utaisikia Iringa mjini. Na kila anayeisema ana ushahidi wake: sufuria ya chai iliyojaa mabonge. Mabonge ni ya kweli. Sababu anayoitaja ndiyo yenye kasoro.

Dhana: Tangawizi na maziwa havipatani, kwa hiyo iwekwe mwishoni, tena kidogo

Hii inachosha kuliko zote, kwa sababu dawa inayopendekezwa ndiyo inayoleta ugonjwa.

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kiitwacho zinjibeini, na kazi yake ni kuvunja protini. Kikikutana na maziwa yenye joto la kati, hasa nyuzijoto 60 hadi 70, maziwa yanakatika ndani ya dakika chache. Huko Guangdong, kusini mwa China, watu wanaitumia tabia hiyo kwa makusudi: wanamimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi mbichi, yanaganda, wanayala kwa kijiko. Lakini zinjibeini haistahimili kuchemka. Tangawizi iliyotokota kwenye maji dakika kadhaa haikati tena maziwa, na ukali wake unabaki.

Sasa tazama ule ushauri wa kuiweka mwishoni. Chai imeshaepuliwa, mtu anakwangua tangawizi mbichi juu yake na kufunika, au anaitumbukiza moja kwa moja kwenye chupa ya chai. Humo ndani chai inapoa taratibu na kupita kwenye joto lile lile ambalo kimeng'enya kinafanya kazi vizuri. Wageni wakifika, yanamiminika mabonge.

Wengine huweka maziwa ya baridi na tangawizi mbichi pamoja tangu mwanzo. Kwenye gesi yenye moto mkali unaweza kunusurika, maana maziwa yanapita nyuzi 60 na 70 upesi. Kwenye jiko la mkaa uliofifia, asubuhi ya baridi ya Juni, yanakaa hapo muda mrefu, na yanakatika. Ndiyo maana tangawizi ile ile inakubali Jumamosi na kukataa Jumapili. Tatizo ni mpangilio na moto.

Kwa lita moja ya chai fanya hivi. Tia maji nusu lita kwenye sufuria. Ongeza tangawizi gramu 15 hadi 20, yaani kipande cha kama kidole gumba, iliyotwangwa. Usiikate vipande vinene, maana ndani vinaweza kubaki vibichi. Weka hiliki punje 6 zilizopasuliwa, mdalasini kijiti cha sentimita 5, karafuu 2 na pilipili manga punje 5. Maji yakianza kutokota, hesabu dakika 7. Tia majani ya chai vijiko vitatu vya chai, acha dakika 3. Hapo ndipo yaingie maziwa nusu lita, yakiwa yameshachemshwa pembeni na bado ya moto. Yakiinuka punguza moto, yaache dakika 2, chuja. Unaipenda kali zaidi? Ongeza tangawizi pale mwanzoni kwenye maji. Baada ya hapo mlango umefungwa.

Zingatieni hilo la kuchemsha maziwa pembeni, kwa sababu ndilo linalomaliza ubishi. Maziwa yaliyoanza kuchacha hukatika yakipata moto hata kama hakuna tangawizi nyumba nzima. Na kuonja hakutoshi, kwani yanaweza kukatika jikoni kabla ulimi haujahisi uchachu. Yakikatika yakiwa peke yake, kosa limetoka kwenye maziwa: pengine umechanganya ya jana jioni na ya leo asubuhi, au dumu la plastiki halikusuguliwa mpaka ndani. Yakichemka salama halafu yakakatika ndani ya chai, rudi ukaangalie tangawizi iliingia lini.

Kuna sababu nyingine, tena kubwa kuliko mabonge. Wengi wetu huku tunanunua maziwa mabichi kwa majirani wafugaji, Rungwe, Njombe na kwingineko. Maziwa hayo yanaweza kubeba vimelea vya brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Kuyapasha moto tu ndani ya chai hakutoshi. Yachemke kweli.

Dhana: Baridi ya kwetu inatosha kutunza maziwa

Usiku wa Julai labda, tena yakiwa nje ya jiko. Mchana jua linawaka na jiko lina joto, na maziwa mabichi yanachacha kwa saa chache. Kama huna friji, yachemshe mara tu yanapofika, yafunike, yatumie siku hiyo hiyo.

Dhana: Magadi kidogo yanaokoa maziwa

Magadi yanapunguza uchachu, kwa hiyo maziwa yanachemka bila kukatika. Bakteria walioyachachusha na muda waliokaa humo havifutiki. Chai nayo inageuka rangi, inakuwa nyeusi nyeusi, na inaacha ladha ya sabuni mdomoni. Maziwa yanayodai magadi ili yachemke si ya chai.

Dhana: Mchaichai unakata maziwa kama limao

Harufu inafanana, basi. Limao linakata kwa sababu ya asidi yake, na mchaichai hauna uchachu huo. Chemsha majani yake mawili matatu pamoja na viungo vingine. Wa kuogopwa ni sukari guru, ambayo mara nyingine ina uchachu wa kutosha kukata maziwa. Hiyo iwekwe kikombeni, chai ikiwa imeshaepuliwa.

Dhana: Chai ya heshima haiwekwi maji

Majani hayatoi vizuri ndani ya maziwa matupu. Protini ya maziwa inashikana na tanini, yaani kile kinachoipa chai ukali na ukavu ulimini, na wewe unaongeza majani kila unapoona rangi imepauka. Yatoe kwanza kwenye maji. Ukitaka chai nzito, tumia maji robo lita na maziwa robo tatu. Maji yakipungua zaidi ya hapo, viungo navyo havitoi vizuri.

Dhana: Majani laini ni vumbi la kufagiwa kiwandani

Majani mengi ya Mufindi na Rungwe hukatwakatwa kwa mashine, yakakaushwa, kisha yakapitishwa kwenye chekeche na kupangwa kwa ukubwa wa chembe. Zile laini ni daraja mojawapo, na zinatoa rangi upesi, jambo ambalo chai ya maziwa inalihitaji. Kwa sababu hiyo hiyo usizichemshe dakika 15 ukidhani unaongeza utamu. Baada ya dakika tano hivi unachovuna ni uchungu na ukavu ulimini, na watu wanauficha kwa sukari.

Dhana: Maji yakitokota, joto ni lile lile popote

Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, maji huchemka kwenye nyuzi 98 hivi. Mbeya mjini, mwinuko wa kama mita 1,700, ni karibu 94, na Njombe ni chini kidogo ya hapo. Kwa zinjibeini hilo halina shida, joto hilo linatosha kabisa. Wanaochelewa ni mdalasini na karafuu. Ukipata maelezo ya mtu wa Dar es Salaam yanayosema viungo vichemke dakika 5, wewe fanya 7 au 8 sufuria ikiwa imefunikwa. Dakika za majani ziache zilivyo.