Kwa nini bwana afya anaomba kufunua pipa lako

Tangu mvua zianze, malalamiko ya mbu yamezidi hapa Lamu, na wengi wanaolalamika hutuelekeza sisi maafisa wa afya kwenye mtaro wa jirani. Mitaro ni jukumu letu na tunaishughulikia. Lakini mbu anayeambukiza homa za chikungunya na dengi hupendelea maji safi tuliyoyateka wenyewe, yaliyo katika pipa, mtungi na birika la chooni. Hili tumelieleza nyumba kwa nyumba, na bado mtu hutuambia maji yake ni masafi, kwa hiyo hayawezi kuwa na mbu.

Mwaka 2004 chikungunya ilipolipuka Lamu, ilikadiriwa kuwa robo tatu ya wakazi waliambukizwa, na wakati huo ulikuwa wa ukame: maji yalikuwa adimu, yakawekwa siku nyingi bila kufunikwa wala kubadilishwa.

Mbu huyu huuma mchana, na hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, ambapo huweza kukaa makavu kwa miezi hadi maji yapande. Kwa hiyo kumwaga maji bila kusugua kuta ni kazi bure; sugua kila wiki, kisha funika. Wazee wetu walifuga samaki wadogo birikani ili wawale viluwiluwi, yaani watoto wa mbu waliomo majini, na desturi hiyo ni njema hadi leo.

Afisa akifika atajitambulisha, ataomba ruhusa, kisha atamulika tochi pipani. Viluwiluwi wakiwamo, utawaona wakijipindapinda kuzama chini. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kuwapo kwao tu ni kosa, hata kama hakuna mgonjwa. Hata hivyo, kwa kawaida huanza notisi ya maandishi, inayotaja kasoro, marekebisho yanayotakiwa na muda uliotolewa, nayo hukabidhiwa mwenye nyumba au mpangaji. Muda ukiisha afisa hurudi kukagua, na notisi ikipuuzwa shauri hufikishwa mbele ya hakimu, ambaye anaweza kuamuru usafi ufanywe na kutoza faini.

Dawa ya viluwiluwi iitwayo temefosi haitiwi kwa kukisia: kipimo kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani katika maji ya kunywa hakizidi miligramu 1 kwa lita. Anayeiita sumu na aulize kwanza kipimo.

Ukishikwa na homa na maumivu ya viungo, usinunue dawa ya malaria dukani kwa kubahatisha, wala usimeze aspirini kabla haijathibitishwa kuwa si dengi. Nenda kituo cha afya upimwe.