Sahihi yako haifuti saa yako ya kula

"Lakini nilisaini mwenyewe." Nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mlinzi anayeingia lindo saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki, bila kulipwa ovataimu hata mwezi mmoja. Mkataba wake una mstari unaosema mshahara "unajumuisha saa zote za ziada na mapumziko". Yeye anaamini mstari huo umemaliza habari. Meneja wake anaamini hivyo hivyo. Mimi nawakilisha wafanyakazi CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, na nimechoka kuona madai halali yakizikwa na imani hii kabla hata fomu haijajazwa.

Nazungumzia Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na namba za vifungu ni za sheria hiyo ilivyotungwa. Zanzibar ina sheria yake.

Someni kifungu cha 13. Viwango vya ajira, yaani haki za chini kabisa ambazo sheria inampa mfanyakazi, ni sehemu ya mkataba wako hata kama mkataba haukuvitaja. Vinaondoka tu pale mkataba unapokupa kilicho bora zaidi, au pale sheria yenyewe, makubaliano ya chama cha wafanyakazi au amri ya mishahara inaporuhusu kubadilisha. Mwajiri akiandika kilicho pungufu, anachoandika hakina nguvu mbele ya kiwango, uwe umesaini kwa kalamu au kwa dole gumba. Ndiyo maana ya kuweka kiwango cha chini. Kama kingeondolewa kwa sahihi ya mtu mwenye njaa ya kazi, Bunge lisingekuwa na haja ya kukiandika.

Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku sita. Zinazozidi hapo zinalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu ni mara mbili. Saa za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, zina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa, na kama saa hiyo pia ni ya ziada, asilimia hiyo inapigwa juu ya kiwango cha ovataimu. Kupata thamani ya saa yako, gawanya mshahara wa msingi kwa 4.333 upate wiki, kisha gawanya kwa 45. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi anapata 2,000 kwa saa, na ovataimu yake ni 3,000. Hayo yanatosha. Sasa nije kwenye mapumziko, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoibiwa bila kujua.

Kifungu cha 23 kinasema anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano ana haki ya kupumzika dakika 60 angalau. Kisha kinaruhusu mwajiri kumtaka afanye kazi ndani ya muda huo, iwapo kazi haiwezi kuachwa bila mtu au hakuna mwingine wa kuifanya. Kampuni za ulinzi zinakipenda sana kipande hiki. "Geti haliachwi," wanakuambia, na ni kweli, geti haliachwi. Ila wanafunga kitabu mapema mno. Kijifungu kinachofuata kinasema mwajiri hawajibiki kulipia mapumziko isipokuwa mfanyakazi ametakiwa kufanya kazi, au kuwa tayari kwa kazi, katika muda huo. Kuwa tayari kwa kazi! Mlinzi anayekula wali wake kibandani huku jicho liko getini, redio iko wazi na haruhusiwi kutoka mpaka aje wa kumpokea, hajapumzika. Yuko kazini na anakula. Saa hiyo ni ya kulipwa.

Angalia ina thamani gani. Tuseme mlinzi wetu ndiye huyo wa 390,000: ameshavuka saa 45 za wiki, kwa hiyo saa ile ni ya ovataimu: 3,000 kila usiku. Kwa siku 26 za mwezi ni 78,000, moja ya tano ya mshahara wake, na hapo sijagusa ovataimu nyingine wala nyongeza ya usiku. Mtu anasema "ni saa ya kula tu, kaka, sitaki makuu". Ni ada ya mtoto hiyo.

Nakiri kwamba hapa waamuzi wa CMA hawalingani. Mmoja anaridhika kwamba lindo lina mtu mmoja, basi hakuwa na pa kwenda. Mwingine anataka ushahidi wa amri: nani alikukataza kutoka, lini, kwa maneno gani. Kwa hiyo tunza maagizo ya lindo yaliyobandikwa kibandani, rosta anayotuma supavaiza kwenye grupu la WhatsApp, na picha ya kurasa za kitabu cha matukio zenye saa ulizosaini kuingia na kutoka. Kuhusu masharti ya ajira, kifungu cha 15 kinakusaidia: mwajiri asipoleta mkataba au maelezo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa uko kwake. Lakini usimwachie kazi yote ya kuthibitisha saa zako.

Kuna utetezi mwingine, nao nauheshimu zaidi kwa sababu una sheria nyuma yake. Kifungu cha 21 kinaruhusu makubaliano ya maandishi ya kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa kula ukiwemo, bila malipo ya ovataimu. Meneja anaposoma hapo anatabasamu. Endelea kusoma, meneja: isizidi siku tano kwa wiki, saa 45, na ovataimu isiyozidi saa 10. Mlinzi wako anakuja siku sita. Makubaliano yako yamevunjika kabla wiki haijaisha.

Na yule anayesema ovataimu ikizidi saa 50 katika wiki nne ni kosa kisheria, hivyo hailipwi, anataka kosa lake mwenyewe limpe faida. Saa umezitumia, zilipe.

Sasa muda, ambao sipendi kuuzungumzia. Madai ya kuachishwa kazi yanafikishwa CMA ndani ya siku 30, mengine yote siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Kwa ovataimu ya miaka mitatu, mgogoro ulitokea lini? Mimi hujenga hoja kwamba kila mwezi usiolipwa ni mgogoro mpya, na pia kwamba mgogoro huzaliwa mwajiri anapokataa dai la maandishi. Nimewahi kukubaliwa, na nimewahi kupewa miezi miwili ya mwisho tu. Anayekuahidi miaka yote mitatu anakuuzia matumaini. Ukichelewa, kuna maombi ya kuongezewa muda, lakini "sikujua sheria" si sababu inayopita kirahisi.

Je, udai ukiwa bado kazini? Sheria inasema kudai haki yako si sababu halali ya kukufukuza. Kwenye lindo, mtu aliyedai huhamishiwa mbali, hupangiwa zamu za kumkomoa, mpaka aache mwenyewe. Na kama hujafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo, ulinzi dhidi ya kufukuzwa isivyo haki haukuhusu bado. Ndiyo maana mara nyingi naanza kwa Afisa Kazi, mkaguzi wa serikali wa masuala ya kazi, ambaye anaweza kuingia eneo la kazi bila taarifa, kukagua kumbukumbu za wote na kutoa amri ya utekelezaji, bila mlalamikaji mmoja kusimama peke yake mbele. Njia hii haifanyi kazi kila mara. Maafisa ni wachache na malindo ni mengi.

Ukifika CMA, utaanza kwa usuluhishi, na hapo utapewa karatasi nyingine ya kusaini. Isome mara mbili, uliza kila tarakimu, omba muda wa kuwaza. Makubaliano mnayosaini mbele ya msuluhishi yanakazwa kama hukumu ya mahakama, na yakiandikwa kwamba umepokea 200,000 na huna dai lingine, hata mimi siwezi kuyafungua kwa kifungu cha 13.