Je, wajua kwa nini vishikwambi viwili vya inchi 10 havilingani ukubwa?

Ingia duka la simu lolote katikati ya jiji la Mwanza uulizie kishikwambi. Ukishatajiwa bei, utatajiwa inchi. Inchi hizo hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe inayoikabili, na mshazari hausemi lolote kuhusu umbo.

Chukua vioo viwili vya inchi 10. Cha kwanza kina uwiano wa 4 kwa 3, yaani inchi 8 kwa 6: eneo lake ni inchi za mraba 48. Cha pili kina uwiano wa 16 kwa 9 kama televisheni, takriban inchi 8.7 kwa 4.9, na eneo lake halifiki 43. Mteja ametajiwa namba ile ile, lakini amepungukiwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kioo.

Mbona basi watengenezaji hawachagui umbo moja? Kwa sababu wanunuzi hawajawahi kutaka kitu kimoja. Mwalimu wa Ilemela anayesoma vitabu na mitihani anatazama kurasa za A4, ambazo umbo lake linakaribiana na 4 kwa 3. Ukurasa unajaa vizuri. Akimwazima mdogo wake anayepanda meli ya usiku kwenda Bukoba, filamu ya 16 kwa 9 itaacha robo ya kioo hicho ikiwa nyeusi. Kwenye kioo cha 16 kwa 9 filamu hiyo inajaa, ila ukurasa wa mwalimu unabanwa na herufi zinapungua. Hakuna aliyekosea kati yao.

Hata wakubwa wa biashara hii wamebishana. Mwaka 2010 Apple walitoa iPad ya inchi 9.7, na mwaka huo huo Samsung wakaleta Galaxy Tab ya inchi 7. Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, alisema waziwazi kwamba inchi 7 ni ndogo mno kwa vidole vya binadamu. Miaka miwili baadaye, yeye akiwa ameshafariki, Apple wenyewe waliuza iPad mini ya inchi 7.9. Watu walitaka kitu cha kushika kwa mkono mmoja.

Uzito nao una mvutano wake. iPad ya mwaka 2012 iliongezewa nukta za picha mara nne. Ili chaji iendelee kudumu saa 10 hivi, betri ililazimika kukua kutoka wati-saa (kipimo cha nishati inayohifadhiwa) 25 hadi 42.5, na kifaa kikawa kinene na kizito kuliko kilichokitangulia. Anayedai kioo kikali, chaji ndefu na wepesi kwa pamoja anadai vitu vinavyonyang'anyana nafasi.

Mfano wa karibu kabisa ni Sensa ya Agosti 2022. Makarani walizunguka nyumba kwa nyumba na vishikwambi, kisha vifaa hivyo vikagawiwa walimu. Karani alihitaji kitu cha kubeba juani kutwa nzima, akiwa amesimama. Mwalimu anakaa mezani, anasoma kurasa ndefu na kuandaa somo. Kifaa ni kile kile, mahitaji mengine kabisa. Sioni ajabu mmoja akikisifu na mwingine akinung'unika.

Kando ya ziwa kuna jambo jingine ambalo wabunifu wa mbali hulisahau. Kioo cha kugusa huhisi kidole kwa sababu mwili hupitisha umeme, na maji pia huupitisha, kwa hiyo anayepokea samaki mwaloni kwa mikono yenye maji atabonyeza hiki kikafunguka kile. Na kioo kinachong'aa vizuri ndani ya duka hugeuka kioo cha kujitazamia uso mara tu unapotoka juani.

Kabla ya kulipa, omba ufunguliwe ukurasa wa A4 na video, kisha toka nacho hadi mlangoni ukitazame kwenye mwanga. Na kama makazi yako ni Ukerewe au kisiwa kingine, hakikisha kina sehemu ya laini ya simu. Vipo vinavyotegemea Wi-Fi peke yake.