Gujjar siyo Mgujarati, jamani

"Mwalimu, Gujjar si ndo hawa kina Patel wenye maduka Kisutu pale Dar?" Kila nikifundisha historia ya India lazima atokee mtu wa kuuliza hivi, wiki iliyopita wamenitokea watatu kwa siku moja nikaona bora niandike tu.

Mgujarati ni mtu wa lugha na wa jimbo. Kwao ni Gujarat, magharibi mwa India, na humo wamo kina Patel, Lohana, Khoja, Bohora, dini mbalimbali ila Kigujarati kinawaunganisha. Gujjar, au Gurjar, ni jamii ya kuzaliwa, na wametapakaa Rajasthan, Haryana, Uttar Pradesh, Kashmir, Pakistan mpaka Afghanistan. Ni kama Arusha tu, mkoa umebeba jina la Waarusha lakini Mchaga aliyezaliwa Ngarenaro hawi Mwarusha, na Mwarusha akihamia Mbeya anabaki kuwa Mwarusha. Mbona hapo hamchanganyi?

Kinachowaponza ni jina, na sikatai, chimbuko la jina ni moja. Karne ya 7 yule mhujaji Mchina Xuanzang aliandika kuhusu ufalme wa Gurjara, na mji mkuu wake wanahistoria wengi wanasema ni Bhinmal, ambao leo uko Rajasthan siyo Gujarat. Baadaye jina likateremka kusini likaganda kwenye jimbo, wenyewe wengi wakabaki kaskazini. Ndo maana Pakistan, upande wa Punjab, kuna Gujrat (haina "a" katikati, nimesema mara ngapi!) na Gujranwala, halafu kwenye mtihani mtu ananiwekea miji yote miwili pembeni ya Bombay. Ushauri wangu ni uleule, kabla hujafungua mdomo fungua ramani.

Eti Wagujjar wote Waislamu. Wapi. Kashmir na Pakistan ni Waislamu, Rajasthan na Haryana wengi wao ni Wahindu, na Masingasinga wapo.

Eti wote wanahamahama. Van Gujjar wa Uttarakhand kweli wanapanda milimani na nyati wao wa maziwa kiangazi na kushuka msimu wa baridi, na Bakarwal wa Kashmir wana mbuzi na kondoo, lakini nenda vijiji vya karibu na Delhi ukute Gujjar analima ngano na miwa toka enzi za babu yake, wengine wanasiasa, wengine wanajeshi.

Hii ya "wezi wa asili" ndo siivumilii kabisa. Wagujjar wa Meerut na Delhi waliinuka dhidi ya Waingereza 1857, na ilipokuja ile sheria ya 1871 ya makabila ya wahalifu nao wakaja kuingizwa humo, yaani mtoto anazaliwa tayari mshukiwa. Sheria ikafutwa 1952, tusi likabaki, na bado kuna watu wanalinukuu kama elimu.

Na walitoka Georgia kwa sababu Waajemi huiita Gurjistan? Majina kufanana sauti tu. Wasomi wa enzi za ukoloni nao walikuwa na zao, huyu anasema asili yao ni Wahun (Huns, siyo wahuni wa mtaani), yule Wakhazar, watu wa kale wa kuhamahama.

Mkitaka ubishi wa maana upo, ule wa mfalme Mihira Bhoja wa karne ya 9, Wagujjar wanasema ni wa kwao, Warajput (jamii nyingine ya kaskazini mwa India, ya koo za kivita) wanasema ni wa kwao, na 2021 sanamu yake kule Dadri, mji wa karibu na Delhi, ilizua zogo kwa ajili ya neno moja tu kwenye kibao: Gurjar. Hapo njooni na daftari, tutakesha.