Je, Wajua? Kwa Nini Maseneta wa Texas Hupangiwa Muda kwa Bahati Nasibu

Katika jimbo la Texas, Marekani, kuna uchaguzi mmoja kila baada ya miaka kumi ambapo mshindi wa kiti cha seneti ya jimbo hajui amechaguliwa kwa miaka miwili au minne. Waliompigia kura nao hawajui. Jibu hupatikana baadaye, maseneta wote 31 wakishakutana mjini Austin na kuokota bahati nasibu: takriban nusu yao huangukia miaka miwili, waliobaki minne.

Utaratibu huu umo ndani ya katiba ya jimbo, iliyoanza kutumika mwaka 1876. Kwa kawaida seneta hukaa miaka minne, na nusu ya viti hugombewa kila baada ya miaka miwili, ili seneti isijae wageni watupu kwa siku moja. Lakini kila baada ya miaka kumi hufanyika sensa, na mipaka ya maeneo ya uchaguzi huchorwa upya kufuata idadi ya watu. Seneta aliyebakiza miaka miwili atamwakilisha nani, wakati eneo lake limekatwa vipande na kugawiwa wenzake? Katiba inamaliza ubishi huo kwa kuagiza viti vyote vigombewe upya. Hapo zamu zinavurugika, kwa kuwa wote wameingia pamoja, na bahati nasibu ndiyo inayozirudisha. Hata Seneti ya taifa la Marekani iligawa wanachama wake wa kwanza kwa njia hiyohiyo mwaka 1789.

Mbona wasikubaliane tu? Labda kwa sababu hakuna mwanasiasa atakayejitolea kurudi kwenye kampeni mapema, hasa Texas. Kwa sensa ya 2020, kila seneta wa jimbo hilo ana watu wapatao 940,000, wengi kuliko wa mbunge wa Texas aliyeko Washington. Na mshahara ni dola 7,200 tu kwa mwaka, ukiacha posho!

Ila uzito wa bahati nasibu hiyo hauishii kwenye gharama za kampeni. Mwaka 2013 Wendy Davis, seneta wa chama cha Democratic kutoka Fort Worth, aliokota miaka miwili. Juni mwaka huohuo akapata umaarufu nchi nzima kwa kusimama na kuhutubia kwa takriban saa 11, bila kukaa wala kuegemea kitu, ili kuuzuia muswada wa kubana utoaji mimba. Chama kikamtaka agombee ugavana mwaka 2014. Tatizo ni kwamba kiti chake nacho kilikuwa kinagombewa mwaka huo, kwa hiyo ilimbidi akiache. Alishindwa na Greg Abbott, na seneti ikawa imemtoka pia.

Mwenzake Leticia Van de Putte wa San Antonio aligombea unaibu gavana kwa tiketi ya chama hichohicho, uchaguzi huohuo. Naye alishindwa. Lakini yeye alikuwa na miaka minne mkononi, hivyo kushindwa huko hakukumpokonya kiti chake.

Usidhani basi kwamba minne ndiyo bora siku zote. Davis na Van de Putte walichaguliwa 2012, mwaka wa uchaguzi wa rais. Safari iliyofuata viti vyote viligombewa 2022, mwaka wa uchaguzi wa gavana, na hesabu ikageuka. Waliookota miwili walirudi kwa wananchi 2024, na zamu yao inayofuata ni 2028, pamoja na rais, wakati wapiga kura hujitokeza kwa wingi zaidi. Waliookota minne wamepangiwa 2026 na 2030, miaka ya gavana. Kwa hiyo katika muongo huu ni wenye miaka miwili wanaoweza kuuwania ugavana bila kuhatarisha viti vyao.